Nani Yumo Kundini? Historia ya Uteuzi wa Makundi ya Simu katika Majaribio ya Programu kwa Huduma za Wingu, na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya namna wasanidi wa programu za simu walivyoteua vifaa vya kufanyia majaribio, tangu enzi ya simu zilizotumia Java hadi kuibuka kwa huduma za wingu mwaka 2015. Hoja yake kuu ni kwamba kundi la vifaa si orodha ya kiufundi tu, bali ni uamuzi kuhusu watumiaji ambao matatizo yao yataonekana kabla ya programu kutolewa. Makala inaonesha kwamba vigezo vya uteuzi vilianza na umaarufu wa simu, vikapanuka hadi kuhusisha uwezo wake, lakini lugha ya kifaa, ingawa nayo ni kigezo kinachoweza kuteuliwa, imeelekea kubaki katika Kiingereza kilichowekwa tangu awali. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi za umma za Afrika Mashariki zinazoagiza programu za kuwahudumia wananchi.

Maneno ya msingi: majaribio ya programu, huduma za wingu, makundi ya vifaa, ujanibishaji, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Programu ya simu inapokamilika, swali la kwanza la anayeijaribu ni kama inafanya kazi. Swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni: inafanya kazi kwenye simu ipi? Hakuna taasisi inayoweza kuijaribu programu kwenye kila simu iliyoko mikononi mwa watu. Ni lazima baadhi ya simu ziteuliwe ziwakilishe nyingine, na jumla ya simu hizo ndiyo inayoitwa hapa kundi la vifaa. Katika huduma za wingu, simu hizo huwa katika kituo cha mbali. Msanidi hutuma programu yake kupitia intaneti, huteua kundi, kisha hupokea taarifa, picha za skrini na kumbukumbu za makosa.

Mjadala wa ujanibishaji wa Kiswahili umejikita zaidi katika istilahi na tafsiri, na kwa sababu nzuri. Hata hivyo, tafsiri sanifu inaweza kumfikia mtumiaji ikiwa imekatwa katikati, imepoteza upatanisho wa kisarufi au imefichwa chini ya kitufe kingine. Makosa ya aina hiyo hayaonekani katika jedwali la tafsiri. Huonekana kwenye kioo cha simu fulani, iliyowekwa katika lugha fulani. Ikiwa simu hiyo na lugha hiyo hazikuteuliwa, kosa halionekani mpaka mwananchi akutane nalo. Kwa hiyo historia ya uteuzi wa vifaa ni sehemu ya historia ya lugha katika teknolojia, na inastahili kuchunguzwa hivyo.

2.0 Ahadi ya Java na makabati ya simu

Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilitangaza toleo la Java lililokusudiwa vifaa vidogo. Java yenyewe ilikuwa imenadiwa kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja ingefanya kazi popote. Katika simu, ahadi hiyo ilikumbana na hali halisi. Simu zilitofautiana kwa ukubwa wa skrini, mpangilio wa vitufe, kiasi cha kumbukumbu na namna kila mtengenezaji alivyotekeleza viwango vilivyokubaliwa. Mchezo mmoja ulilazimika kutolewa katika matoleo mengi ili uendane na aina mbalimbali za simu.

Viigizi, yaani programu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa simu, vilisaidia katika hatua za mwanzo za kazi. Hata hivyo, havikuweza kuonesha kila kinachotokea kwenye kifaa halisi: betri inayoisha, mtandao unaokatika, kumbukumbu inayojaa na mfumo uliobadilishwa na mtengenezaji. Kwa sababu hiyo, kampuni za programu zilinunua simu na kuzihifadhi makabatini. Kabati hilo ndilo lililokuwa kundi la kwanza la vifaa, na uteuzi wake uliongozwa na mambo mawili: simu zilizouzwa karibu na ofisi, na fedha zilizokuwapo.

Gharama ya makabati ilizaa wazo la kukodisha simu kwa mbali. Kampuni ya Mobile Complete ya Marekani iliendesha huduma iliyoitwa DeviceAnywhere, ambayo ilimwezesha msanidi kubonyeza vitufe vya simu halisi iliyokuwa katika jengo jingine na kuiona skrini yake kupitia kompyuta. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilinunuliwa na Keynote Systems. Nokia nayo iliwapa wasanidi wake huduma ya kuzifikia simu kwa mbali. Katika hatua hii kifaa kilikwishatenganishwa na mikono ya anayekijaribu, lakini uteuzi ulikuwa bado ni wa simu mojamoja. Dhana ya kundi linaloteuliwa kwa kanuni ilikuwa bado haijakomaa.

3.0 Wingi wa Android na hesabu ya michanganyiko

Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni Oktoba 2008. Kwa kuwa mfumo huo ulitolewa kwa watengenezaji wengi, aina za simu ziliongezeka kwa kasi ambayo makabati hayakuweza kuimudu. Kampuni ya OpenSignal, iliyohesabu aina za simu zilizopakua programu yake, ilitaja aina 3,997 mwaka 2012, 11,868 mwaka 2013, 18,796 mwaka 2014 na 24,093 mwaka 2015. Takwimu hizo zilihusu watumiaji wa programu moja tu. Hata hivyo, zilitosha kuonesha kwamba kujaribu kila aina lilikuwa jambo lisilowezekana.

Jibu mojawapo lilikuwa la kijamii. Mwaka 2012 kampuni ya usanifu wa tovuti ya Clearleft, mjini Brighton nchini Uingereza, iliwafungulia wasanidi wengine mkusanyiko wake wa simu ili waje wazitumie. Vituo vya aina hiyo vilienea katika miji mingine, na wenye simu za zamani walichangia walichonacho. Utaratibu huo ulikuwa na busara ya harambee: hakuna aliyekuwa na simu zote, lakini jirani walipokusanya zao walipata kundi pana kuliko la yeyote peke yake. Hata hivyo, kundi hilo nalo liliakisi mji uliolikusanya.

Jibu la pili lilitoka katika taaluma ya majaribio. Mwaka 2004 watafiti Kuhn, Wallace na Gallo walichapisha uchambuzi wa hitilafu za programu ulioonesha kwamba nyingi husababishwa na kigezo kimoja au na vigezo viwili vinavyokutana, na kwamba zile zinazohitaji vigezo vingi kukutana kwa pamoja ni chache. Matokeo hayo yaliipa nguvu mbinu ya kuteua michanganyiko kwa jozi: badala ya kujaribu kila mchanganyiko, huhakikishwa kwamba kila thamani ya kigezo kimoja imekutana angalau mara moja na kila thamani ya kigezo kingine.

Mfano rahisi unaonesha uzito wa jambo hili. Aina 10 za simu, matoleo 5 ya mfumo endeshi, lugha 4 na mielekeo 2 ya skrini hutoa michanganyiko 400. Kwa mbinu ya jozi, idadi ya chini kabisa inayohitajika ni 50, yaani aina 10 za simu mara matoleo 5. Katika vifaa halisi hesabu hubadilika, kwa kuwa si kila simu inayoweza kupokea kila toleo la mfumo endeshi. Lakini kanuni inabaki ileile: uteuzi unaofuata hoja hupunguza kazi bila kufumba macho, ilhali uteuzi wa mazoea hupunguza kazi kwa kufumba macho.

4.0 Mwaka 2015: kundi laingia katika wingu

Mwaka 2015 ulileta mabadiliko makubwa. Mwezi Mei, Google ilitangaza huduma ya majaribio ya wingu ambayo mwaka uliofuata ilijulikana kama Firebase Test Lab. Julai mwaka huohuo, Amazon ilifungua AWS Device Farm, baada ya kuinunua kampuni changa ya AppThwack. Kabla ya hapo Xamarin ilikuwa imeanzisha huduma yake ya Test Cloud. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka 2016, na huduma hiyo ikaingizwa katika App Center.

Huduma hizi ziliufanya uteuzi wa kundi kuwa hatua rasmi ya kazi. Katika huduma ya Amazon, msanidi huunda kundi kwa njia mbili. Anaweza kutaja vifaa kimoja kimoja, au anaweza kuweka kanuni: mtengenezaji fulani, toleo fulani la mfumo endeshi na kuendelea. Kundi la kanuni hubadilika lenyewe kadiri vifaa vinavyoongezwa au kuondolewa, na baadaye iliwezekana kuweka kikomo cha idadi. Aidha, huduma hutoa kundi lililokwisha kuandaliwa la vifaa vinavyopewa kipaumbele, kwa ajili ya asiyetaka kujiteulia.

Katika huduma ya Google, kundi huundwa kama jedwali lenye vipimo vinne: aina ya kifaa, toleo la mfumo endeshi, mwelekeo wa skrini na lugha pamoja na eneo. Kuwekwa kwa lugha miongoni mwa vipimo hivyo vinne ni jambo la kutiliwa maanani. Kwa muundo wa huduma yenyewe, lugha inahesabiwa kuwa sehemu ya mazingira ambamo programu inaweza kufaulu au kushindwa, sawa na aina ya simu.

Gharama nayo iliingia katika uteuzi kwa namna mpya. Amazon ilitoza dola 0.17 kwa kila dakika ya kifaa. Kwa mfano uliotolewa juu, majaribio ya dakika 10 katika michanganyiko 400 yangegharimu dola 680, na katika michanganyiko 50 dola 85. Majaribio yanayorudiwa kila programu inapobadilishwa hugeuza tofauti hiyo kuwa fedha nyingi. Hapo ndipo shinikizo la kupunguza kundi linapotokea, na kinachopunguzwa kwanza ni kile ambacho mwenye fedha hakioni kuwa cha lazima.

5.0 Walioachwa nje na namna walivyoonekana

Makosa ya uteuzi hugunduliwa mara nyingi nje ya maabara. Mwaka 2013 timu ya Facebook ilisafiri hadi Afrika kuona jinsi programu yake ilivyofanya kazi huko. Kwa maelezo iliyoyatoa mwaka uliofuata, programu ilikuwa nzito na ilikwama kwenye simu zenye kumbukumbu ndogo na mtandao wa kusuasua, na vifurushi vyao vya data vya mwezi mzima viliisha kwa dakika 40. Programu hiyo haikuwa mbovu kwa kipimo cha vifaa vilivyotumiwa makao makuu. Kasoro ilikuwa katika kipimo chenyewe.

Hatua zilizofuata zilibadilisha lugha ya uteuzi. Mwaka 2014 Facebook ilitoa maktaba ya msimbo iliyozipanga simu kwa mwaka ambao uwezo wake ungehesabiwa kuwa wa daraja la juu, kwa kuangalia kumbukumbu na kichakataji, bila kujali tarehe ya kuuzwa. Kwa kipimo hicho, simu mpya ya bei nafuu inaweza kuhesabiwa kuwa ya miaka kadhaa nyuma. Juni 2015 ikatolewa Facebook Lite. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilieleza kuhusu maabara yake ya simu katika kituo cha data cha Prineville, jimbo la Oregon, yenye makabati takriban 60, kila moja likibeba simu 32. Google nayo ilitangaza mwaka 2017 toleo la Android Go kwa simu zenye kumbukumbu ya GB 1 au pungufu.

Funzo la kihistoria hapa ni kwamba umaarufu wa simu haukutosha kuwa kigezo. Swali la kwanza lilikuwa ni simu gani zinazouzwa sana. Swali lililozaa matokeo bora lilikuwa ni hali gani ambazo watumiaji wanaishi nazo. Kumbukumbu ndogo, mtandao wa polepole na mfumo endeshi wa zamani viliingia katika uteuzi baada ya watu kutoka ofisini na kuziona hali hizo kwa macho yao.

6.0 Afrika Mashariki: njia iliyolikwepa tatizo

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, haikuitegemea programu iliyopakuliwa kwenye simu. Menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu. Huduma nyingine za fedha katika kanda zilitumia misimbo inayoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli. Kwa njia zote mbili, swali la aina ya simu lilipungua sana, kwani simu ya tochi na simu janja zilimwonesha mteja menyu ileile ya maandishi.

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Kwa kuwa huduma zilizotumiwa zaidi hazikuhitaji uteuzi wa vifaa, hapakuwa na haja ya mapema ya kujenga desturi ya kuuliza ni simu zipi zilizojaribiwa. Huduma hizo zilipohamia katika programu za simu janja, kama M-Pesa ilivyofanya Kenya mwaka 2021, swali lililokuwa limekwepwa lilirudi.

Soko la simu lenyewe lilikuwa na mambo yake. Mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zizimwe, na Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilichukua hatua kama hiyo. Hatua hizo zilithibitisha jambo ambalo wafanyabiashara walilijua: simu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu hazikuwa katika orodha yoyote rasmi. Hata miongoni mwa simu halali, chapa za Tecno, Itel na Infinix za kampuni ya Transsion ya China zimeenea mno katika kanda hii. Orodha ya vifaa vya wingu huamuliwa na mmiliki wa huduma. Simu isiyokuwemo haiwezi kuteuliwa, hata kanuni ya uteuzi iwe nzuri kiasi gani.

7.0 Lugha kama kigezo kilichosahaulika

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika programu zina umri mkubwa kuliko huduma za wingu. Mradi uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Facebook ilipata toleo la Kiswahili mwaka 2009. Tafsiri zilikuwapo, basi, kabla ya makundi ya wingu. Ambacho hakikuenda sambamba nazo ni kuzijaribu tafsiri hizo kwenye simu.

Sababu moja ni mpangilio wa awali. Katika AWS Device Farm, kifaa kisipopewa maelekezo mengine hujaribiwa kwa Kiingereza cha Marekani. Katika Firebase Test Lab, chaguo la awali ni Kiingereza. Mipangilio hii haina nia mbaya, na kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Lakini ni lazima awepo mtu anayejua kwamba inapaswa kubadilishwa. Programu ya Kiswahili inaweza kupita majaribio yote bila neno hata moja la Kiswahili kuoneshwa kwenye skrini.

Makosa yanayopotea kwa njia hiyo yana misingi ya kiisimu. La kwanza ni urefu wa neno. Kiswahili huambatanisha viambishi katika kitenzi, na neno kama “hazijathibitishwa” lina herufi 17 zisizo na nafasi ya kuvunjia mstari. Kwenye skrini nyembamba, pale mtumiaji mwenye macho dhaifu anapokuza maandishi, neno hilo hukatwa, na kitufe cha “Thibitisha malipo” kinaweza kubaki “Thibitisha m…”. Katika huduma ya fedha au ya afya, maneno yanayokatwa ndiyo yanayobeba uamuzi.

La pili ni upatanisho wa ngeli. Programu nyingi huunda sentensi kwa kuchomeka nomino na idadi katika kiunzi kimoja. Kiunzi hicho kikitafsiriwa mara moja tu, kitazaa “vitabu 3 imefutwa” na “watu 3 imefutwa”, wakati sarufi inadai “vitabu 3 vimefutwa” na “watu 3 wamefutwa”. Mfasiri anayeona kiunzi bila nomino hana namna ya kulijua kosa hilo. Huonekana pale tu programu inapoendeshwa kwa Kiswahili na data halisi.

La tatu ni eneo. Mifumo ya lugha ya simu hutofautisha Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tofauti hizo huhusisha sarafu na baadhi ya miundo ya tarehe na namba. Programu iliyojaribiwa kwa eneo moja inaweza kumwonesha mtumiaji wa nchi jirani sarafu isiyo yake, au ikamrudisha kwenye Kiingereza kwa sababu haikutambua msimbo wa eneo lake.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha mwelekeo mmoja. Kila mara kigezo kipya kilipoingia katika uteuzi, iwe kumbukumbu, mtandao au umri wa mfumo endeshi, kiliingia kwa sababu mtu fulani alidai kihesabiwe. Huduma za wingu zimerahisisha uteuzi, lakini hazijaondoa wajibu wa kuteua. Zaidi ya hayo, huduma hizo hazidumu milele: App Center ya Microsoft ilisitishwa Machi 2025, na waliokuwa wameitegemea walilazimika kuhamia kwingine. Taasisi isiyokuwa na kumbukumbu yake ya vigezo vya uteuzi huanza upya kila huduma inapofungwa.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, zabuni za programu za umma zimtake mzabuni ataje kundi la vifaa alilolitumia na sababu za kuliteua, na taarifa hiyo iwe sehemu ya makabidhiano. Pili, kundi lijengwe kutokana na takwimu za watumiaji wa huduma husika, na lisikose simu yenye kumbukumbu ndogo na simu yenye mfumo endeshi wa zamani; pale huduma ya wingu inapokosa simu za kanda, zinunuliwe chache madukani na kuhifadhiwa katika vyuo vikuu kwa matumizi ya pamoja. Tatu, angalau sehemu moja ya kundi iendeshwe katika Kiswahili cha maeneo husika, kwa maandishi ya kawaida na yaliyokuzwa. Nne, wanaisimu, kwa uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, waandae mkusanyiko wa virai vya majaribio wenye maneno marefu, nomino za ngeli zote na miundo ya idadi, utakaoweza kutumiwa na msanidi yeyote.

Pendekezo la nne halihitaji mitambo ghali. Linahitaji wataalamu wa lugha waingie katika kazi ya programu kabla ya siku ya uzinduzi, wakati kundi la vifaa linapopangwa. Wakisubiri mpaka programu itolewe, kazi itakayobaki kwao ni kuorodhesha makosa ambayo wananchi wamekwisha kukutana nayo.